Picha Niliyonyimwa

Mimi sijasoma, nasema mapema. Darasa la nne nilitoka, nikaanza kubeba ndoo za dagaa pale Kirumba. Leo nina mitumbwi yenye injini, nina ghorofa Butimba, na wenye digrii zao hunisimamisha barabarani niwape lifti. Kwa hiyo nikikasirika, sikasiriki kama maskini. Nakasirika kama mtu aliyelipia.

Mke wangu anaumwa. Mabega, mgongo, nyonga, mpaka vidole vinavyoshika kikombe. Maumivu yalianza baada ya kumzika kaka yake aliyezama ziwani, na hayajamtoka. Nimempeleka kila hospitali ya huku kwetu. Wakapima damu, wakapiga picha za mifupa, na kila daktari akaimba wimbo ule ule: mama huyu hana kitu. Hana kitu! Mtu anashindwa kufunga khanga yake mwenyewe, hana kitu!

Dada yangu mkubwa akalidaka neno hilo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, kwa hiyo siwezi kumfukuza kama ninavyofukuza walevi kazini. Alikaa sebuleni kwangu, kwenye sofa nililonunua mimi, akaniambia:

"Umeoa godoro, mdogo wangu. Kutwa limelala."

"Dada, anaumwa."

"Anaumwa wapi? Kila ukigusa, ni hapo hapo! Mbona kwenye harusi ya mdogo wake alicheza mpaka jasho likamtoka?"

"Na kesho yake hakuinuka kitandani."

"Uvivu wenyewe ndio huo."

Akaitisha kikao cha ukoo, Jumapili. Neno lilikuwa moja: mke wangu arudishwe kwao Sengerema, mimi nioe mwingine. Na huyo mwingine alishamwona, upande wa Bujora, ana mikono ya jembe.

Ndipo nikasikia kuna watafiti mjini wanapiga picha za ubongo, za watu wenye maumivu yasiyoonekana na za wenzi wao. Nikasema dawa ya dada nimeipata. Nitaileta picha kikaoni, nitaibandika ukutani, kila mjomba aone maumivu yalipokaa.

Nilikwenda na suti. Mtafiti alikuwa binti wa Kihaya mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. "Shikamoo baba," akasema, kisha akaniamuru nivue: saa ya dhahabu, pete, mkanda. Mashine ile ni sumaku, haitaki chuma. Nikabaki na gauni la hospitali, mtupu kama siku niliyofika mjini. Hasira ilianzia hapo.

Picha za mke wangu walishazipiga asubuhi. Sasa ilikuwa zamu yangu: nilale ndani ya mashine bila kutikisika, naye akae pembeni, mkononi amefungwa kidude cha joto. Taa ya bluu ikiwaka mbele yangu, hapati kitu. Nyekundu, joto limempata. Walitaka kuona ubongo wangu unafanyaje nikijua mwenzangu anaumia.

"Ngozi haidhuriki, baba," binti akasema, "na akitaka tunasimamisha. Yeye atatutajia maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi."

Nikamnong'oneza mke wangu, "Taja kumi. Watashusha wenyewe."

"Baba, hapa hatupatani bei." Kumbe masikio anayo!

Wakanisukuma ndani. Ile kelele, utadhani injini ya boti inayokataa kuwaka. Bluu. Nyekundu. Nikavumilia. Nyekundu tena. Mimi nimelazwa kama sangara kwenye barafu, na mke wangu anachomwa! Nikabonyeza kengele waliyonipa, sikuiachia mpaka wakanitoa.

"Nani kawatuma mumchome? Hajaumia vya kutosha?"

"Baba watoto, punguza sauti," mke wangu akasema. "Kwa kijoto hiki? Nimetaja mbili."

"Mbili? Hebu nifungeni mimi."

Mikono hii imevuta nyavu tangu utoto. Wakanifunga, wakawasha joto lile lile. "Toa!" Nilipiga ukelele wa kuniaibisha.

Mke wangu hakucheka. "Mwenzangu, mtu anayeamka na nane kila siku, hiki akiite ngapi?"

Nikarudi mwenyewe ndani ya mashine, nikalala nimeuma meno mpaka wakamaliza. Nilipotoka nikadai picha yangu ya ushahidi.

"Picha ya ubongo naweza kukupa," binti akasema, "lakini maumivu hutayaona humo. Tunaunganisha za watu wengi ndipo tunajifunza kitu. Ya mtu mmoja haiwezi kusema huyu anaumwa, huyu anaigiza."

"Mashine ya bei ya meli, inashindwa kumjibu dada yangu?"

"Inashindwa, baba. Hata sisi, kujua anaumia kiasi gani, tunamuuliza mwenyewe."

Nilibamiza mlango wao.

Jumapili wajomba walikula kuku wangu kwanza, kisha dada akapanguza mikono. "Haya, tuonyeshe hiyo picha."

"Sina."

"Mnaona? Mashine nayo imesema hana kitu!"

Nikasimama. "Mashine haijasema. Wasomi na vyuma vyao vyote walimuuliza yeye. Nani humu ndani amewahi kumuuliza?"

Mjomba mkubwa akamgeukia mke wangu, aliyekuwa ameegemea mlango. "Mkwe, kati ya sifuri na kumi, leo ngapi?"

"Nane, baba."

"Na siku ya harusi, ulipocheza?"

"Nane. Alikuwa mdogo wangu anaolewa."

Mjomba akainamisha kichwa. Dada akasonya. "Namba tu! Hata mimi nitataja mia."

"Dada, mlango ule pale," nikasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea. Akachukua mkoba wake akaondoka. Mpaka leo hapokei simu yangu, na mimi hasira haijanitoka.

Siku ile, wageni walipoondoka, mke wangu akaketi polepole. "Umemfukuza aliyekulea."

"Nimemfukuza! Na akirudi na maneno yale nitam—"

"Ukipiga kelele mabega yananikaza."

Nikafunga mdomo. Nikatoka, nikapanda juu kwenye mawe nyuma ya nyumba, nikakasirikia huko.