Robo Saa ya Mama

Enzi za Mwingereza, nyumbani kwetu ng'ambo ya mto kutoka Korogwe, saa yetu ilikuwa kivuli cha nguzo ya baraza. Kikigusa kizingiti asubuhi, gari moshi la Moshi linaondoka. Baba alipanda, akavuna na kuoza mabinti kwa kivuli hicho.

Siku dada yangu alipoondoka kumfuata mumewe Moshi, mama aligoma kumsindikiza. Ndoa hakuitaka. "Mtu anazaa mtoto, anakwenda kumtupa kwenye baridi kwa Wachaga!" Dada akatoka bila radhi, analia mpaka ukaya wa kichwani umelowa. Mama akabaki anapepeta mchele ambao ulikwishapepetwa.

Nilimchukia asubuhi ile, nasema kweli. Nilikaa namtazama yeye, natazama kivuli. Kilipokaribia kizingiti, akaweka ungo chini.

"Twende."

Tulikimbia. Nakumbuka ukungu juu ya mto, mkonge umesimama ndani yake, na nyayo za mama mbele yangu zinajaa umande. Kwa kivuli chetu gari lilikuwa limekwenda zamani. Lakini lilikuwepo, linapumua mvuke taratibu, na dada kakaa juu ya sanduku lake.

Muuza duka wa Kihindi, aliyekuja kupokea mzigo, ndiye aliyetueleza. Serikali ilikuwa imerudisha saa zote za nchi nyuma kwa robo saa, hivyo kwa kivuli chetu gari nalo likawa linaondoka robo saa baadaye. "Jua la Tanga si jua la Kigoma, mama. Linaanza huku, kule bado usiku. Lakini gari linataka saa moja kwa wote, basi wakubwa wanakaa, wanachagua."

Mama hakumsikiliza. Dada alikuwa amepiga magoti.

"Shikamoo mama. Nipe radhi."

"Marahaba mwanangu. Radhi zangu unazo, za mchana na za usiku."

Wakashikana mpaka kengele ikalia. Wala sikumbuki gari likiondoka. Nakumbuka mikono yao tu.

Mwaka uliofuata dada alimletea mama saa ya mezani, kwa mkono wa msafiri. Kabla mvua hazijaanza, zikaja habari kwamba uzazi umemchukua. Alikwishazikwa hukohuko.

Uhuru ulipokaribia, wakubwa wakakaa tena, wakachagua tena: saa zikasogezwa mbele, robo ileile. Baba akanyoosha mkono kuirekebisha saa ya mezani. Mama akaushika.

"Hiyo usiiguse. Wengine warudishe robo saa yao. Mimi yangu niliitumia na mwanangu."

Basi nyumba yetu ikawa nyuma ya nchi nzima. Tulichelewa harusi, tulichelewa mazishi, majirani wakatucheka mpaka wakachoka. Leo saa ile iko kwangu. Naitia ufunguo kila asubuhi, na mishale yake sijaigusa.