Mfasiri wa Katuni, Mangobo

Mwenye chumba cha video husimama kando ya televisheni, akitufasiria katuni ya Kijapani kutoka Kifaransa. Maroboti yakipigana, hunguruma nayo kwa mdomo mpaka jasho linamtoka. Lakini rubani kijana akimshika binti mkono, kidole chake kinene hurukia kitufe na kuikimbiza kaseti mbele. “Mapenzi ya batoto iko kuharibu courant ya Tshopo bure,” husema, akimaanisha umeme wa bwawa la Tshopo. Jana Mama Philomène, muuza mikate, alisimama. “Papa, acha hapo! Alors, banapigana juu ya nani?” Ukumbi ukashangilia. Mwenye chumba akaiacha kaseti iende, akiapa hajawahi kuitazama sehemu hiyo. Kisha akafasiri taratibu, akiipa televisheni mgongo, na kila neno lilimtoka kabla binti hajafungua mdomo.