Nilivyombeba Bosi kwenye kishikwambi hadi msibani Kansay

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki ninachosimulia kimetokea kweli na mashahidi ni wengi, nusu ya Kansay ilikuwepo. Msije mkasema natunga.

Mimi nafanya kazi kwenye loji moja hapa Karatu, upande wa kupandia geti la Ngorongoro. Niliajiriwa kama mhudumu wa mezani. Siku hizi kazi yangu hasa ni kumbeba Bosi.

Ngoja nieleze.

Corona ilipoingia, meneja wetu, Mtanzania mwenzetu kabisa, alikuwa amekwenda Canada kumsalimia binti yake. Ndege zikasimama, akakwama huko. Tukawa tunaongea naye kwa video. Wageni walipoisha tukapanda viazi kwenye bustani ya loji, na viazi navyo akavisimamia kwa video.

Corona ikapita. Wageni wakarudi, magari yakaanza tena kufukuzana alfajiri kwenda kreta. Bosi hakurudi. Alishaona loji inakwenda tu bila yeye kuwepo, na kule yuko jirani na wajukuu. Akaagiza kinunuliwe kishikwambi na mimi ndiye niwe nakishika, eti kwa sababu nimezoea sinia na mkono wangu hautetemeki.

Basi kila mchana, kwao kukikucha, nambeba. Mapokezi, jikoni, vyumbani, bustanini. Nikipita watu wanasimama na kukiamkia kishikwambi. Shikamoo Bosi, shikamoo Bosi. Mimi niliyekishika hakuna anayeniuliza hata nimeshindaje.

(Nyuma ya jiko mtandao haufiki. Umbea wote wa loji umehamia pale.)

Sasa nije kwenye msiba.

Tuna mpishi mkuu, Mama Paskalina. Wakuu, yule mama ndiye loji yenyewe. Wageni wakirudi kwao wanaandika mtandaoni kuhusu supu yake ya maboga kwanza, simba wanafuata baadaye. Corona ilipotuchapa, wenzetu wengi wakaondoka, yeye alibaki akitupikia vile viazi kila siku kwa namna tofauti ili tusikate tamaa.

Mama yake mzazi akafariki kijijini Kansay.

Bosi akampa pole kwa video, akasema atatuma rambirambi kwa simu. Mama Paskalina akashukuru vizuri tu. Kisha akanivuta nyuma ya jiko, akavua aproni, akaikunja na kunikabidhi.

"Nimempikia huyu mtu miaka yote hii," akaniambia. "Asipokuja kumzika mama yangu, jikoni kwake sirudi."

Hapo nikaogopa kweli. Wiki iliyofuata kundi kubwa la wageni lilikuwa linaingia, na walikuwa wameichagua loji yetu kwa sababu ya chakula. Bila yule mama tungeaibika, na baada ya aibu hiyo kila mtu angerudi kwao.

Nikamfikishia Bosi. Akasema safari ya ndege haiwezekani kwa haraka hivyo. Akakuna kidevu, akawaza, halafu uso ukamng'aa kama mtu aliyegundua dawa.

"Kijana," akasema, "nibebe."

Siku ya mazishi nikaingia kwenye pikapu ya loji, nikataka kukaa mbele na kishikwambi changu. Dereva akakataa, akasema mbele ni kwa Bosi. Kishikwambi kikafungwa mkanda kiti cha mbele, mimi nikapanda nyuma na kreti za soda. Kuanzia Karatu mpaka Kansay nimekula vumbi, Bosi anaangalia mandhari.

Tulipofika, akapewa kiti kwenye safu ya wageni wa heshima. Mimi nikasimama nyuma ya kiti nikiishikilia mitambo. Bibi mmoja, mdogo wake marehemu, akasogea akamtazama Bosi kwa makini, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie avue kofia."

Kule kwao kuna baridi, alikuwa na kofia ya sufu mpaka masikioni. Akaivua haraka sana.

Ibada ikaenda vizuri, katekista akampa Bosi nafasi ya kusema neno. Alisema maneno mazuri, siwezi kumnyima haki yake. Watu wakaanza kufuta machozi. Mwisho akaomba tusimame wote, tumkumbuke mama yetu kwa ukimya. Akainamisha kichwa, akafumba macho.

Mtandao ukakata pale pale, picha ikaganda.

Wakuu, mimi sikujua. Naona watu wameinama, naona Bosi ameinama, nikadhani limemgusa kweli. Tukasimama. Tukaendelea kusimama. Jua la Kansay likatupata barabara kisogoni. Wazee wakaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mmoja akataka kukaa, mkewe akamvuta koti. Katekista anafungua jicho moja, anamwona Bosi bado yuko kwenye sala, analifumba.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchoka kumlilia marehemu.

Mpaka picha ya Bosi ikapotea na kioo kikawa cheusi. Yule bibi akachungulia.

"Kaeni," akasema. "Ameondoka."

Nikamwona Mama Paskalina amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nikajua nimemwongezea uchungu. Baadaye sana aliniambia alikuwa anacheka, na kwamba ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mama yake alale kitandani.

Makaburini Bosi akarudi hewani. Wanaume wakawa wanapokezana koleo kufukia. Zamu ikanifikia, na huku kwetu ukikwepa koleo ujue ulikuja kutazama watu. Nikamkabidhi bibi kishikwambi. Vumbi lilikuwa jingi, akakiviringisha kwenye kitenge na kukipakata. Mimi natupa udongo, nasikia sauti ndani ya kitenge ikiuliza mbona giza, kijana uko wapi. Hakuna aliyeijibu.

Nilipomaliza wakaniambia na zamu ya Bosi bado. Nikafukia na yake.

Kwenye chakula zikaletwa sahani mbili, yangu na ya Bosi. Nikala zote. Hapo sikulalamika.

Jioni Mama Paskalina akatusindikiza mpaka kwenye gari. Kishikwambi kilikuwa kimeshaishiwa chaji. Akanipa mkono, akahisi malengelenge, akaugeuza kiganja changu akakiangalia.

"Huyo wa kwenye kioo mpe shukrani kwa salamu zake," akasema. "Lakini aliyemzika mama yangu ni wewe. Kazini nitarudi. Ila nikitaka ruhusa, nakuja kwako, mwanangu."

Nikapanda nyuma ya pikapu, na nakiri machozi yalinitoka kabla vumbi halijaanza.

Alirudi, kundi la wageni likala likaomba tena. Tangu hapo wenzangu wote, mpaka askari wa getini, wakitaka ruhusa wananifuata nyuma ya jiko. Nawapa.

Kwenye kikao kilichofuata Bosi akatangaza kwa fahari kwamba Kansay imemfundisha jambo moja kubwa: kiongozi ni kuwepo. Watu wakaitikia ndiyo Bosi, wote kwa pamoja, huku macho yao yamepita juu ya kishikwambi yanaangalia usoni kwangu.

Nilichojifunza ni kwamba kazi zimeshabadilika na hazitarudi zilivyokuwa. Oda, ratiba, mshahara, hata kufokewa, vyote siku hizi vinapita kwenye simu. Koleo halipiti.

Haya wakuu, uwanja ni wenu, hasa mnaofanya kazi na mabosi wa hewani. Kwa desturi za kwenu, huyu mtu alikuja msibani au hakuja?