Pikapu Iliyolilia Jina

Uani kwangu, hapa Shinyanga mjini, kuna pikapu ambayo ni mali yangu kwa kadi na kwa jasho, na siwezi kuiuza. Si kwamba haina mnunuzi. Mnunuzi nilimpata, tena alikuja mwenyewe kuiona. Siwezi kuiuza kwa sababu pikapu hiyo ni babu yangu.

Najua inavyosikika. Nikimweleza mtu wa Dar es Salaam hukohoa kwanza, halafu huniuliza kama nimekula. Nimeshaieleza habari hii kwa upole mara nyingi na haijanisaidia, kwa hiyo leo nitaieleza kwa hasira.

Nilizaliwa upande wa Kishapu, katika nyumba ya pamba na ng'ombe, na kitu cha kwanza nilichokipenda duniani baada ya mama yangu kilikuwa landrova ya bwana shamba. Ilikuja mara chache, wakati wa kupanda na wakati wa mavuno. Watoto wenzangu walikimbilia kumwona bwana shamba na soksi zake ndefu. Mimi nilizunguka nyuma, nikachuchumaa kunusa bomba la moshi. Ikiondoka, nilizifuata alama za matairi mpaka korongoni, nikikanyaga pembeni ili nisizifute. Malori ya pamba niliyajua kwa mlio. Nikiwa ndani nasaga mtama niliweza kumwambia baba lori lipi linapanda mlima, na kwamba dereva wake amechelewa kubadili gia. Baba alicheka, kisha akasema ni bahati mbaya masikio kama hayo kapewa mtoto wa kike. Sikumjibu siku ile, lakini nadhani kila gari nililonunua baadaye lilikuwa jibu lake.

Nilipokua nilifanya biashara ya mchele. Niliununua vijijini kwetu, nikaupeleka kwenye machimbo ya Geita, Katoro na mbele ya hapo, kwa kuwa mtu aliyeshinda shimoni hana muda wa kubishana juu ya wali. Miaka mingi nilisafiri kwenye malori ya watu, nimekaa juu ya magunia yangu mwenyewe, nikisikiliza madereva wakiua giaboksi. Niliumia kweli. Mtu anayeendesha huku mguu umelala kwenye klachi hunikera kuliko mtu anayenitukana. Mume niliyekuwa naye wakati ule aliwahi kuniambia nichague, yeye au magari. Bahati yake sikuwa na gari siku hiyo.

Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, jeupe, tumbo karibu liguse ardhi. Mjini lilinipendeza sana. Nikalipeleka nyumbani Jumapili moja ya masika, na udongo mweusi wa kwetu ukalimeza mpaka milangoni. Lilitolewa na ng'ombe wa baba, kwa mnyororo wa plau, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani. Baba alimpigapiga ng'ombe wa mbele mgongoni, akanitazama. Wiki hiyo hiyo gari nikamuuzia kijana mmoja wa Maganzo aliyekuwa ameokota jiwe. Mtu aliyeokota almasi jana haangalii gari likoje chini, anaangalia redio.

Ndipo nikanunua pikapu. Ya dizeli, kijani iliyopauka, imenyanyuka vizuri, injini yake inanguruma kwa utulivu kama mtu aliyeshiba. Niliipenda, na sitaki mtu adhani kwamba sikuipenda. Kosa langu lilikuwa kuipeleka Kishapu kuionyesha.

Ukoo wote ulikuwapo. Alikuwapo na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Maganzo na anayeishi huko hadi leo. Nilipoingia uani nikapiga honi kwa mbwembwe, na honi ikanasa. Nikaachia mkono, ikaendelea kulia. Nikazima gari, ikaendelea. Kuku walitimka na ndama akakata kamba. Nikafungua boneti, nikaingiza kichwa, nikaanza kutafuta waya.

Sasa, kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, hana homa na titi analikataa, wazee husema analilia jina. Kuna marehemu anayetaka kurudi nyumbani kupitia kwake. Basi hutajwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Jina la aliye hai halitajwi, hata iweje.

Shangazi aliweka mkono kwenye madigadi. Mimi nikiwa chini ya boneti nikamsikia akiita. Aliita bibi yake, honi ikalia. Aliita kaka yake aliyekufa mdogo, ikalia. Mimi nilikuwa nimeuona waya, ulikuwa wa moto, nikaushika kwa ncha ya khanga na kuuchomoa. Palepale shangazi alikuwa amemaliza kulitamka jina la baba yake.

Kimya. Halafu vigelegele.

Niliinua kichwa, nimepakaa oili hadi kwenye nyusi, waya mkononi. Nikasema, "Shangazi, ni waya huu. Nimeuchomoa mimi."

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Na nani kakuonyesha waya?"

Nilitazama watu nikitafuta mtu mmoja tu wa upande wangu. Binamu yangu ambaye ni katekista alikuwa anapangusa kioo cha mbele kwa kitambaa chake cha kanisani. Shangazi akachukua maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, akayapuliza kwa mdomo juu ya boneti, na mambo yakaishia hapo. Yaani yakaanzia hapo.

Tangu siku hiyo sikuwa na gari, nilikuwa na mzee. Msiba ukitokea popote kwenye ukoo, mzee lazima awepo, na mzee haendi peke yake. Nimebeba majeneza, nimebeba masufuria, nimebeba wakwe waliokuwa hawasemeshani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mchele wangu ulikuwa unaharibika stoo huku mimi niko matanga. Ikichelewa kuwaka, ni marufuku kuitukana. Kiti cha mbele ni cha shangazi hata kama hayupo safarini. Na kwa kuwa babu na mjukuu wa kike ni watani, na babu humwita mjukuu mke wake, basi kila kijiji nilichoingia niliulizwa, "Mume wako hajambo? Leo kala dizeli kiasi gani?" Mwaka wa kwanza nilicheka.

Miaka ikapita, pikapu ikazeeka, mimi pia. Mwaka juzi nikapita Tinde, nikaona landrova imeegeshwa nyuma ya duka la pembejeo. Umbo lile lile la bwana shamba. Mwenyewe, mzee mstaafu, aliitunza ndani ya banda, akaniruhusu kuiwasha. Nilikaa nyuma ya usukani nikajikuta nimeshika mdomo. Mwanamke mwenye wajukuu, nalia ndani ya gari la mtu. Mzee akasema atanisubiri hadi gulio lijalo, akipita mtu mwingine baada ya hapo ataiachia. Nilihitaji kuuza pikapu ili niipate. Njia nyingine sikuwa nayo.

Mnunuzi alipatikana Katoro, mteja wangu wa mchele, mwenye karasha, yaani mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu. Mitambo hiyo mingi huzungushwa na injini za magari ya zamani. Aliisikiliza pikapu ikinguruma, akasema, "Mama, injini hii nzima kabisa. Bodi watachukua watu wa vyuma chakavu."

Nikaenda Maganzo kumwambia shangazi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikasema lililonileta. Alifungua na kufunga fundo la khanga yake.

"Unataka kumfunga baba yangu kwenye mashine," akasema, "asage mawe?"

"Shangazi, ni injini."

"Alikufa amechoka, mwanangu. Nawe unampeleka Geita kusaga mawe."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema hana neno, tutamuuliza mwenyewe. Niilete pikapu hapo kwake, ukoo ukusanyike, anyunyiziwe maji, kisha niwashe. Kama hataki kuondoka, atakataa kuwaka.

Niliondoka pale nikiimba. Kuwaka! Gari hilo nilikuwa nalijua kuliko viungo vyangu. Nikaweka betri mpya, nikasafisha chujio la dizeli, nikamwita na mwenye karasha aje ashuhudie. Siku yenyewe jua lilikuwa limechomoza vizuri, injini imepata joto. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki. Shangazi alipuliza maji yake, akasema maneno yake, akanipa ishara. Nikazungusha ufunguo. Iliwaka kabla hata sijaumaliza mzunguko.

Nilishuka mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao. "Amekubali!"

Shangazi alikuwa anajifuta machozi. Akawageukia wazee. "Mmeisikia sauti hiyo? Ana nguvu zote hizo, halafu mtu anataka kumtupa?"

Wazee wakatikisa vichwa, wakanitazama kama mtu aliyempeleka baba yake porini kumwacha. Isingewaka, angekuwa amekataa. Imewaka, bado ana nguvu. Nilikuwa nimeshindwa hata kabla ya kununua betri, na betri nilinunua kwa fedha yangu. Nikamgeukia mwenye karasha, maana yeye ni mtu wa kuja, si wa ukoo, hana habari na majina yetu. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, samahani," akasema. "Hii siinunui. Karasha yangu ina matatizo ya kutosha."

Nilipiga teke tairi. Wazee waliguna wote kwa pamoja, nikajua nimempiga babu teke.

Watu walipotawanyika shangazi alipanda kiti chake cha mbele, akaomba nimzungushe kidogo tu barabarani. Nilimzungusha kwa hasira, nikibadili gia kwa nguvu ambayo wengine wakiitumia huwasema. Akaanza kuongea huku anatazama mbele. Alisema alipoolewa hapo Maganzo alikuwa binti mdogo, na kila mwaka baada ya mavuno baba yake alikuja kumwona kwa miguu, kibuyu cha samli begani. Mwaka wa mwisho mguu ulikuwa mbovu. Akamtumia salamu kwamba akipona atakuja. Hakupona.

"Nilikuwa nakaa pale mlangoni kila jioni," akasema. "Sasa nikisikia honi yako kule barabarani, najiambia, kumbe amepona."

Nilipunguza mwendo. Lakini nisiseme uongo kwamba hasira iliisha. Nilimhurumia na nilimkasirikia vile vile, na landrova yangu ilikuwa inasubiri Tinde.

Gulio lilipita. Baadaye niliiona landrova barabarani, karibu na Tinde hapo hapo, imepakia magodoro, kijana mmoja anaiendesha. Alikuwa anapanda mlima na gia isiyo yake, na mguu, niliusikia, ulikuwa umelala kwenye klachi. Mimi nilikuwa nimeegesha pembeni nikimsubiri mama mmoja wa ukoo amalize kutapika. Nilipiga honi, sijui kwa nini. Akadhani namsalimu, akanipungia mkono.

Tangu hapo nilianza kuweka akiba tena, kimyakimya. Nilijiambia nitanunua landrova nyingine, na pikapu ibaki kuwa babu wa watu wote, ikae uani ipumzike, mimi niendeshe yangu. Sikumwambia mtu. Lakini shangazi ana macho.

Mwezi uliopita nilikwenda kumchukua Maganzo, tupeleke mchele wa kipaimara Kishapu. Siku hizi hawezi kupanda peke yake, nimemtengenezea kigoda cha kukanyagia. Alipanda taratibu, akakaa, akashusha pumzi. Nikawa nazunguka kwenda upande wangu akaniita dirishani.

"Mwanangu, najua unalitaka lile lingine. La bwana shamba."

Nilijifanya nakagua kioo cha pembeni.

"Utalipata. Mimi nikishaondoka, ulinunue ulilete nyumbani. Litalia." Alipapasa dashibodi kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi. "Hapo usihangaike na waya. Niite mimi."

Halafu akasema twende, tumechelewa, ila niangalie lenye siti laini, maana mgongo wake naujua.

Fedha zimetimia sasa. Dalali mmoja wa Tinde amenipigia mara ngapi sijui. Anasema imepatikana landrova nyingine, nzima, haijaguswa rangi, niwahi kabla watu wa machimbo hawajaiona. Namwambia bado. Jana aliniuliza kwa ukali kidogo, mama, bado nini, unasubiri nini hasa? Nikamkatia simu, nikachukua ufunguo wa pikapu, nikaenda Maganzo. Nilianza kupiga honi kabla sijafika barabara ya kwake.