Sindano ya Mume Wangu na Sahani za Jirani

Tulipimwa sukari siku moja, mimi na mume wangu, katika zahanati moja ya Port Reitz, na wala hatukwenda kwa ajili yetu. Tulimsindikiza shemeji yangu aliyekuwa akilalamika kizunguzungu. Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na kipimo kilikuwa cha bure siku hiyo, nasi tukanyoosha vidole. Shemeji akatoka na dawa ya maji ya masikio. Sisi wasindikizaji tukatoka na kisukari, kila mtu na chake.

Daktari alikuwa binti wa bara, mpole, na Kiswahili chake kilinikuna masikio. "Mama, kwani unakulanga nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba ninakula chakula. Nilimjibu kwa ukali kwa sababu niliogopa. Mwenziwe wa macho, chumba cha pili, alikuwa amekwisha kunimulika kwa kijitaa chake na kuniambia kwamba mishipa ya nyuma ya jicho la kulia imeanza kuvuja. Mimi ni mshona kofia. Nashona kwa mkono zile kofia za vitundu vidogo ambazo mabwana harusi huagiza mapema, na moja hunichukua miezi miwili. Binti akasema nirudi baada ya miezi mitatu, sukari iwe imeshuka, la sivyo hawezi kuniahidi lolote kuhusu jicho lile.

Akatupa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha chakula. Ya pili ni sindano mpya, ya mara moja kwa wiki, ambayo hushusha sukari na kupunguza mwili kwa kumwondolea mtu hamu ya kula. Akaeleza vizuri tu kwamba hata mwenye sindano lazima aangalie anachokula, na anayejaribu kwa chakula asione haya kuomba sindano. Kila mmoja wetu alisikia nusu. Mume wangu alisikia sindano, mimi nikasikia chakula.

Sishangai. Mume wangu kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kipevu, na miaka yote hiyo imemfundisha kwamba kila foleni ina mlango wa pembeni. Mimi nilikataa kwa kiburi. Mama yangu alinifunza kupika kabla sijajua kusoma, na niliona aibu jiko langu lishindwe na kitu cha famasi.

Sindano tukaiweka kwenye friji, nyuma ya maziwa, ndani ya kopo tupu la siagi. Na kabla hajajidunga ya kwanza, mume wangu akaniapisha nisimwambie mtu. Wenzake wa barazani wangemla kwa maneno wakisikia mwanamume mzima mwenye ndevu anatumia dawa ya warembo ya kukata tumbo. Nikaapa. Kiapo ni kitu rahisi sana kukitoa ukiwa hujui kitakachofuata.

Wiki za mwanzo alichefuka kidogo, daktari akamwambia atazoea. Halafu dawa ikakolea. Mwanamume ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiuliza "kuna nini leo" kabla hajavua viatu, sasa alimtazama samaki wa kupaka kama mtu anayetazama picha ya mji aliowahi kupita. Vijiko vitatu, kisha hushukuru na kunawa. Nilijua ni dawa, nilijua ndivyo inavyotakiwa, na bado niliumia. Siku moja nililia jikoni kwa sababu ya sufuria ya mbaazi za nazi, jambo ambalo sijapata kumwambia mpaka leo.

Upande wangu nilijitahidi. Mchicha, dengu, samaki wa kuchoma, wali kiasi cha ngumi moja. Ngumi yangu mwenyewe, alivyosisitiza daktari, baada ya mimi kumuuliza kama naruhusiwa kutumia ya mume wangu. Chai bila sukari niliinywa kama dawa ya minyoo. Mwezi wa kwanza kijimashine cha nyumbani kilinipa nambari nzuri, kila asubuhi nzuri zaidi, nikaanza kuwa mtu wa kuudhi. Nilimhubiria hadi muuza viazi karai wa njiani.

Kisha jirani akaona shingo ya mume wangu.

Jirani yetu, tunayegawana naye ukuta, ni bibi mjane wa ukoo mkongwe wa Mji wa Kale, aliyehamia huku ng'ambo kukaa katika nyumba aliyojenga mwanawe. Ni mtu mwenye adabu za zamani, wa kuuliza hali ya kila mtu mpaka paka. Akaniita ukutani.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Mumeo yuna nini? Nimemuona yuwakwenda msikitini, kanzu yamtembeza yeye."

"Hana neno, mama. Ni kazi tu."

"Kazi haikondeshi shingo," akasema, akaingia ndani. Nikabaki na kiapo changu mdomoni.

Magharibi ya siku hiyohiyo ikaja sahani ya kwanza, imefunikwa kawa lililofumwa kwa ukindu, na chini yake biriani ya mgonjwa, yaani biriani ileile ya wazima isipokuwa nyama ni laini zaidi. Kesho yake wali wa nazi na mchuzi wa kamba. Keshokutwa mahamri na mbaazi. Kwetu mgonjwa halishwi dawa na jirani, hulishwa chakula, na kadiri anavyozidi kukonda ndivyo sahani inavyozidi kujaa. Mume wangu alizidi kukonda.

Sasa nani ale? Yeye hawezi, amejaa vijiko vitatu. Kumwaga ni kufuru, na dirisha la jirani linatazama pipa letu la taka. Nikampa askari wetu wa lango, mzee mmoja wa bara, na kwa siku nne nilidhani nimepata dawa. Siku ya tano askari akakutana na jirani, naye kwa kuwa ni mtu mstaarabu, akamshukuru kwa pilau. Jirani hakunilaumu hata kidogo. Tangu siku hiyo alileta sahani mbili, moja ya mgonjwa na moja ya askari, ili ya mgonjwa isipungue.

Basi nikala mimi. Mwanzo nilionja tu, kwa sababu mtu lazima aweze kusema kilichokuwa kitamu atakapoulizwa. Halafu nikala nusu. Halafu nikawa naandaa mchicha wangu mapema ili niumalize kabla kawa halijafika, nikajiambia kwamba mchicha ndio chakula changu, na biriani ni wajibu tu. Nambari za asubuhi zikapanda. Nikaacha kuzitazama. Kijimashine nikakiweka droo moja na nyuzi zangu, na wakati huo nyuzi zenyewe zilianza kunipa taabu; nilikuwa nasogea dirishani saa sita za mchana kutafuta tundu ambalo zamani nililipata bila kutazama.

Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hilo halihitaji kufundishwa. Kwa kila biriani iliyoingia, mkate wa sinia ulitoka kwangu, nazi nzito, hiliki, na sukari vikombe viwili mahali pa kimoja, asije bibi wa watu akadhani nimerudisha kwa uchoyo. Nilipika mara nyingi kuliko nilivyopata kupika nilipokuwa sina maradhi. Tulipumzika wiki mbili tu, tuliposikia bibi yuko Lamu harusini; aliporudi, sahani zikarudi naye.

Miezi mitatu ikaisha, tukarudi. Daktari akamsifu mume wangu mpaka akatabasamu kama mtoto aliyehitimu chuo cha Kurani. Uzito umeshuka, sukari imeshuka, hata magoti hayamlilii tena. Kisha akaifungua karatasi yangu. Sukari yangu ilikuwa juu kuliko siku ya kwanza.

"Mama," akasema taratibu, "huyu mzee hakuli. Sasa hicho chakula chake, ni nani anakulanga?"

Safari hii Kiswahili chake hakikunikera. Nilimtazama mume wangu, naye akautazama ukuta wenye picha ya figo. Jicho la kulia lilipimwa tena, na doa lilikuwa limekua. Nikaandikiwa sindano ileile niliyoikataa, na miadi ya jicho. Nikaipokea, kiburi chote kimenitoka.

Alasiri jirani akabisha hodi, na kawa lake mkononi. Nilitaka kuinuka, mume wangu akanizuia kwa mkono, akaenda yeye. Nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo leo? Nimekutilia ini ndani, likutie damu."

"Mama, mimi si mgonjwa wa kukonda. Najidunga sindano ya kupunguza mwili, kwa sababu ya sukari. Nilimwapisha mke wangu asiseme, nikiona haya. Chakula chako chote yuwala yeye, na yeye ndiye aliyezidiwa. Macho yake yanakwenda, na ni mimi niliyemfunga mdomo."

Sijapata kumpenda mtu yule kama nilivyompenda hapo mlangoni, na kanzu yake ikimtembeza.

Bibi akamkabidhi sahani. Akaingia, akaketi kwenye kochi, akanikazia macho.

"Nawe una sukari?"

"Ninayo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile yake."

Akavuta pindo la buibui, akautoa mguu kwenye kiatu. Ulikuwa umefungwa bendeji safi, na mahali pa vidole viwili vya mwisho palikuwa patupu, sawasawa, kama hapakuwahi kuwa na kitu.

"Mimi ninayo mwaka wa saba," akasema. "Mwezi uliopita, mliposikia niko Lamu harusini, nalikuwa wodini."

Nikauliza swali la kijinga, maana sikuwa na jingine. Nikamuuliza, na ile mikate yangu ya sinia, alikuwa akimpa nani.

"Nimpe nani?" akasema bibi, bila hasira. "Mtu ana mgonjwa ndani, na bado amekaa jikoni kunipikia. Ningeimwaga?"

Mume wangu alikuwa bado amesimama katikati ya chumba na sahani imejaa mkononi. Alimtazama bibi, akanitazama mimi, akasimama pale pale.