Kiganja Kimoja cha Waya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Sikuondoka. Mimi nimekulia sokoni Majengo, na sokoni bei ya kwanza haichukuliwi kuwa ndiyo bei. Mama yangu aliuza mayai pale, akanizoesha kuhesabu kila trei mara mbili: mara moja kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yetu. Kwa hiyo msimamizi wa karakana aliponiambia, "Binti, rudi nyumbani," nilikaa kwenye benchi nikasubiri apunguze.

Karakana yetu ilihudumia nyumba za wafanyakazi wa serikali hapa Dodoma. Msimamizi tulimwita Fomeni, na sidhani kama nusu yetu tulilijua jina lake la ubatizo. Asubuhi ile alinipa boksi la maungio, yaani kile kiboksi cha ukutani ambamo nyaya hukutana na kugawana njia, akaniambia nifunge. Nikafunga, nikakata waya uliozidi, boksi likapendeza kama meno ya mtoto. Akalifungua, akachungulia.

"Akiba iko wapi?"

"Akiba ipi, Fomeni?"

"Waya uliozidi."

"Nimekata. Ulikuwa hauna kazi."

Akaweka kiganja chake wazi juu ya boksi. "Kila boksi unaacha urefu wa kiganja. Unaukunja, unaulaza humo ndani. Huo waya siyo wako."

"Wa nani?"

"Wa atakayekuja. Akikuta ncha imechoka, akate, afunge upya. Wewe umemwachia nini? Umemwachia ukuta abomoe. Binti, rudi nyumbani."

Baada ya chai akanikuta palepale. "Bado upo?"

"Bado, Fomeni. Nasubiri bei ya mwisho."

Alicheka kwa pua, maana mdomo aliuhifadhi kwa kufoka, akanipa boksi jingine. Nikaacha kiganja. Akapima kwa mkono wake, akasema mkono wangu ni mdogo, kwa hiyo mimi niwe naacha kiganja na vidole viwili.

Sasa niwaeleze vijana kitu ambacho wengi wenu hamjakutana nacho. Kulikuwa na kipindi shaba ilikuwa adimu, na nyumba kadhaa tulizifunga kwa nyaya za alumini. Sisi mafundi hatukuwa tukisema shaba wala alumini. Tulisema mwekundu na mweupe. Mweupe ni mwepesi, anapatikana, lakini ana tabia zake. Akipata moto chini ya skrubu anavimba, akipoa ananywea, na kila akinywea anaacha nafasi ndogo. Nafasi hiyo inaleta moto zaidi. Tena hewa ikimgusa anaota ngozi nyembamba isiyoonekana, inayozuia umeme kupita. Na ukimsokota na mwekundu bila mpatanishi kati yao, unyevu ukiingia wanaanza kulana kama mawifi waliowekwa jiko moja.

Kosa letu la hapa mjini lilikuwa neno moja: kaza. Taa ikicheza, kaza. Soketi ikipata joto, kaza. Kwa mwekundu unaweza kunusurika. Mweupe ni laini, kila ukimkaza anabonyea, kesho yake analegea, unamkaza tena, mpaka anakuwa bapa kama ganda la karanga. Nilipohamishiwa Kondoa, Mhandisi aliyekuwa juu yetu alifungua swichi ya nyumba moja, akaitazama kwa huzuni, akasema, "Hii nyumba imekazwa mpaka imekaribia kuungua." Kulekule Kondoa nilijifunza pia kumwomba Afisa Ugavi viunganishi mara mbili ya ninavyohitaji, naye akijiona mjanja alinipa nusu. Tuliishi kwa amani kabisa.

Nilirudishwa Dodoma, nikapanda mpaka kiti cha Fomeni chenyewe, nikastaafu. Fomeni wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Sikuwa nimetegemea kukutana naye tena, lakini nilikutana naye, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Alinipigia simu Yohana, mtoto wa kwanza wa Fomeni, anayefanya kazi ofisini hapahapa mjini na kuishi Area D. "Shikamoo dada. Taa kwa mama zinacheza. Naomba ukaiangalie ile nyumba, uniambie ukweli. Kama haifai, namhamishia kwangu. Simu yake ikilia siku hizi naogopa kuipokea."

Nyumba iko mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma. Fomeni aliijenga akiwa kijana na umeme wake aliufunga mwenyewe, mweupe mtupu. Mama Yohana alinipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa" ya kunong'ona, akanishika mkono hata kabla sijaweka begi chini.

"Mwanangu, Yohana amekutuma useme nyumba haifai."

"Amenituma niseme ukweli, Mama."

"Ukweli wako ukiwa mbaya, kesho gari liko mlangoni. Kule ni kuzuri, sikatai. Lakini nitakuwa mgeni kwenye sebule ya mkwe, niombe ruhusa hata ya kuchemsha maji. Na hii ni kazi ya mkono wake. Wataing'oa yote."

Nikamwuliza kama kuna kitu kingine amekiona, zaidi ya taa kucheza. Akasema hakuna, ila ana kesi na mpangaji wake, Halima, wa chumba cha uani.

"Anakaanga samaki kila jioni. Harufu inanijia mpaka chumbani. Hata mkia hajawahi kunipa!"

Halima alikuwa uani anaanua nguo. "Mama Yohana jamani! Nakuapia, samaki mara ya mwisho nilimwona kule bwawani Bahi, tena akiwa hai!"

"Basi harufu ni ya nani?"

Wao walicheka. Mimi sikucheka. Plastiki ya soketi au swichi ikianza kuiva kwa moto, mara nyingi hunuka samaki. Mahali fulani ndani ya kuta zile palikuwa panaungua polepole, na mama wa watu alikuwa analala hapohapo.

Nilizima swichi kuu palepale, nikatoa fyuzi nikazitia mfukoni. Testa niliijaribu kwanza kabla ya kuzima, niione ikiwaka, halafu baada ya kuzima nikapima kila mahali. Testa mbovu na waya usio na umeme vinasema kitu kilekile. Kesho yake nikaleta kipimo kinachoonyesha kama ngozi ya plastiki ya waya bado inauzuia umeme usivuje. Ngozi ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye ncha, mahali nyaya zinapokutana na skrubu.

Yohana alikuja mchana, nikamwambia wazi. Njia iliyo bora kuliko zote ni kutoa mweupe wote na kuvuta mwekundu nyumba nzima. Lakini paipu zimezikwa, kuta zitavunjwa, na mama lazima atoke kwa muda mrefu. Njia ya pili inakubalika, ila haitaki mzaha: kila ncha ya mweupe, bila kuruka hata moja, ikatwe mpaka penye uzima, ipakwe grisi yake inayozuia ile ngozi isiote, iunganishwe na kipande cha mwekundu kwa kiunganishi kilichotengenezwa kwa ajili ya wote wawili, kila mmoja na tundu lake. Kisha huyo mwekundu ndiye aende kwenye swichi au soketi.

"Akitoka, dada, harudi," Yohana alisema taratibu. "Nitamwekea chumba kizuri."

"Najua. Nipe mpaka nimalize kuhesabu. Ikibaki ncha moja nisiyoijua, gari nitaita mimi mwenyewe."

Mama Yohana alisikia. Akaniangalia kama mtu aliyeona mali yake imewekwa rehani na wakili wake. Nikapatana naye pia: nitafanya chumba kimoja kimoja, mchana tu, redio itumie betri, friji ilale. Alikataa la friji. Nikamwambia basi na redio ilale. Tukakubaliana nilichotaka tangu mwanzo.

Boksi la kwanza lilikuwa la sebuleni, juu karibu na dari. Nilipanda ngazi, Mama Yohana akaishika chini kwa mikono yote miwili. Nikafungua kifuniko. Ncha zilikuwa zimechoka kweli, nyeusi, na mweupe akishachoka ukimkunja mara mbili anakatika. Anayekuta waya mfupi hapo hana cha kushika, anaanza kutafuta nyundo.

Lakini nyuma ya zile ncha, umekunjwa na kulazwa vizuri, kulikuwa na waya mzima unaong'aa. Nikaunyoosha. Nikaweka kiganja changu juu yake. Ulizidi kwa vidole viwili.

"Mbona umenyamaza?" Mama Yohana aliuliza chini. "Kuna nini?"

"Kiganja chake, Mama."

Niliona tu ngazi imeshikwa kwa nguvu zaidi.

Kila boksi lilikuwa hivyo. Nikawa nakata, namenya plastiki polepole bila kumkwaruza mweupe, maana mkwaruzo ndipo atakapokatikia, napaka grisi, nafunga. Nakaza kwa bisibisi ya kipimo, ile inayolia ikifika nguvu inayotakiwa. Ikilia, unaacha. Hurudii kwa ajili ya kuridhisha roho yako. Na kila boksi nililirudishia kifuniko kinachofunguka. Ungio halizikwi ndani ya plasta.

Nilipomaliza nikahesabu: ncha zinazotoka upande huu na ncha zinazofika upande ule. Lazima zilingane kama mayai na matundu ya trei. Pungufu moja. Nikahesabu mara ya pili. Pungufu ileile. Kwenye boksi la chumba cha Mama kulikuwa na waya unaoondoka, na hapakuwa na mahali unapofika.

Yohana alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Mama Yohana akaanza kukunja kanga yake iliyokuwa kitandani, polepole, kama mtu anayefunga mzigo.

"Mama," nikasema, "Mzee alipofariki, nani aliongeza soketi humu?"

"Hakuna." Akafikiri. "Labda ile ya friji. Nilipoanza kuuza barafu nilimwita kijana mmoja akaniwekea. Kila ikizima alikuwa anakuja kukaza."

"Iko wapi?"

Akaelekeza nyuma ya kabati la nguo, lililosimama kando ya friji.

Mimi na Yohana tulilisogeza. Soketi ilikuwa kahawia, imeyeyuka upande mmoja kama mshumaa. Harufu ikatupokea: samaki mtupu. Nyuma yake mweupe na mwekundu wamesokotwa, wamezungushiwa tepu, na mweupe amekuwa bapa kama ganda. Akiba hata ya ukucha hakuna. Na ukuta ule ndio unaopakana na chumba cha Halima.

Yohana aliikodolea macho, kisha akalitazama kabati la nguo za mama yake lililokuwa limeegemea palepale. Akakaa kitandani.

"Hii nisingeiona," alisema.

"Hata mimi mara ya kwanza sikuiona. Ndiyo maana nahesabu mara mbili."

Nikaing'oa yote. Friji nikaivutia mwekundu wake mpya kutoka kwenye bodi ya fyuzi, ndani ya paipu ya juu ya ukuta. Nyaya nyeupe zilizobaki nikaziwekea fyuzi ndogo za kufaa, maana mweupe habebi mzigo sawa na mwekundu wa unene uleule. Nikapima, nikawasha, nikakaa nao siku ile mpaka jioni nikigusa kila soketi kwa nyuma ya mkono. Baridi. Yohana akautia ufunguo mfukoni, akamwuliza mama yake kama kuna barafu.

Wiki chache baadaye simu yangu ikalia, alikuwa Mama Yohana. "Fundi, njoo mbio! Harufu imerudi!"

Nilimwambia azime swichi kuu, nikachukua bodaboda, testa mkononi. Nikaingia nikipapasa kuta kama kipofu. Baridi zote. Nikafuata pua mpaka uani, nikamkuta Halima ameinama juu ya kikaango.

"Dada, safari hii ni mimi," akasema. "Perege wa Bahi. Nimechoka kusingiziwa bila kula."

Tulikula watatu, Mama Yohana akicheka mpaka machozi. Vipande vilipokaribia kwisha alichukua kimoja kizuri, akakirudisha kwenye sufuria, akafunika.

"Cha nani hicho, Mama?" nikamwuliza.

"Cha atakayekuja."

Nikaacha kutafuna. Akaniona ninavyomtazama.

"Unashangaa nini? Yule mzee wenu unadhani alijifunza wapi? Kila siku alichelewa kurudi kutoka kazini, na kila siku alikuta kimebaki."