Cherehani ya Mama Shingoni mwa Wifi

Wifi yangu hawezi kumfumania mtu akimsengenya, kwa sababu anasikika kabla hajaonekana. Hereni zake ni vichwa vya mabomba ya maji, bangili yake ni mnyororo wa baiskeli, na pete ya ndoa ameijengea ghorofa kwa vipande vya kufuli. Akikukumbatia, ukitoka humo jipapase uone kama blauzi bado ni nzima.

Yeye kazi hiyo ya kugeuza vyuma chakavu kuwa mapambo anaiita sanaa. Mimi nilikuwa naiita njaa ya chuma. Kila alipokuja kwangu nilificha mifuniko ya sufuria, maana unamkaribisha chai, yeye anakitazama kitasa cha mlango kama mtu aliyeona mchumba.

Mume wake ni mdogo wangu, fundi wa kutengeneza cherehani, mpole mpaka anakera. Ndoa yao imesimama juu ya sheria moja. Karakana yao ni chumba cha mbele cha nyumba, na ndani yake kuna sinia na kuna ndoo. Vyuma vilivyo kwenye sinia ni wagonjwa, haviguswi. Vilivyo kwenye ndoo ni marehemu, na hao ni mali ya wifi.

Basi mimi, ninayeishi kwa kushona, nilipeleka pale cherehani ya marehemu mama. Ndiyo iliyotusomesha sote wawili. Ilianza kuruka nyuzi, kisha ikagoma kabisa, na nilitaka jambo moja tu: ishone tena. Mdogo wangu akasema njoo kesho. Kesho ikazaa kesho. Kila nikienda anakuna kichwa na kuniuliza habari za watoto.

Wakati huo wifi akapata nafasi ya kuonyesha mapambo yake kwenye ukumbi wa maktaba. Nilikwenda kwa ajili ya undugu, na soda. Nikamkuta katikati ya watu, kavaa mkufu uliomfunika kutoka mabegani mpaka tumboni, wanampiga picha. Nikausogelea. Katikati palikuwa na mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, na chini yake kile kikombe kidogo cha chuma kinachobeba bobini ya uzi wa chini. Kilikuwa na mkwaruzo wa msumari ambao mama aliuchora ili mafundi wasimbadilishie.

Nikawaka.

"Wifi! Umemtundika mama yangu shingoni?"

Wapiga picha wakanigeuzia kamera.

"Wifi, tusikilizane kidogo..." akaninong'oneza.

"Tusikilizane nini? Umeiba mgonjwa kwenye sinia! Bandua!"

Akatoa koleo mkobani, maana yeye hutembea nalo kama wengine wanavyotembea na kioo, akapinda waya, akakiweka kikombe kiganjani mwangu. Mkufu ukabaki na pengo, na macho yake yakajaa machozi.

Nikakigeuza kikombe. Kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Nikamtafuta mdogo wangu, nikamkuta nyuma ya meza ya vinywaji anajifanya anasoma chupa.

"Wewe! Kilikuwa kwenye sinia au kwenye ndoo?"

"Kwenye ndoo, dada," akaiambia chupa. "Vipuri vyake havipatikani tena, nimezunguka kote. Haitashona."

"Sasa mbona kila siku kesho?"

"Nilikuogopa."

Mtu mmoja akacheka. Nikamtazama, akaacha.

Nikamgeukia wifi. "Na wewe ulijua, ukakubali nikutukane mbele za watu?"

"Ningesemaje, wifi? Nimuumbue mume wangu, halafu wewe uangue kilio hapa?" Akafuta pua. "Hebu nipe hicho nikuonyeshe kitu."

Akakining'iniza tena mahali pake, akatembea. Kikombe kikawa kinagonga bamba la chuma lililo nyuma yake: tak-tak-tak-tak.

Nikasimama kama mtoto aliyeitwa. Ulikuwa mlio wa cherehani ikishona chumbani kwa mama, ule uliotulaza utotoni upande wa pili wa ukuta. Wifi aliishi na mama alipoolewa, aliujua, na alikuwa amekaza na kulegeza waya mpaka akaupata. Nilikuwa nimeukumbuka mlio ule kuliko nilivyojua.

Nikamkumbatia. Nikalia, nikaomba radhi kwa maneno ambayo siyarudii hapa, naye akalia zaidi yangu. Tulipotaka kuachana, ikashindikana. Hereni yake ilikuwa imenasa kwenye nywele zangu, na mkufu umeing'ang'ania blauzi. Tukabaki tumegandana mbele ya umati, na kila tukijivuta, mama anagonga.

"Mdogo wangu!" nikapiga kelele. "Njoo utubandue!"

Akaja mbio na koleo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kesho.